Mwaka Waliponisubiri

Siku tulipomaliza matanga ya Baba, nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Mazwi, ilijaa watu waliokuwa wakicheka, na nadhani hilo lingemfurahisha kuliko kilio chote kilichotangulia. Watu walikaa uani kwenye mikeka na viti vya kukodi, wamejifunika makoti na vitenge kwa sababu ya upepo, na kila aliyesimama kusema neno alisema habari za mdomo wa marehemu. Baba alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake kilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko wateja. Alisema akiwa amebana pini kwenye midomo, alisema akimpima mtu kiuno, alisema mashine ikipiga kelele hadi mteja akalazimika kumtazama mdomo ili aelewe bei. Jirani mmoja alitueleza kwamba aliwahi kupeleka suruali ikatwe urefu, akaondoka jioni bila suruali lakini anajua historia ya kila ukoo wa Ufipa. Tulicheka. Ndipo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliyepanda milima kutoka Muze, kule bondeni, kwa ajili ya shughuli hiyo, akaweka sahani yake ya wali chini na kusema kwa sauti ya kawaida tu: "Mnausifu mdomo wake. Hamkumwona akiwa mtoto. Yule alikuwa na kigugumizi kibaya. Neno linamkwama hapa, machozi yanamtoka, na marehemu baba yetu anamchapa ili literemke. Ndiyo akajifunza kusema mfululizo, asimwachie mtu nafasi, maana alijua akisimama tu, atakwama."

Wengi walidhani Shangazi anatania, wakaendelea kucheka. Mimi niliinuka nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Nimefundisha shule za msingi mpaka nimestaafu, nina wajukuu, na mpaka leo nina kigugumizi kinachonitembelea nikichoka au nikikasirika. Miaka yote hiyo niliamini kwamba kigugumizi ni changu peke yangu, kitu nilichozaliwa nacho mimi tu katika nyumba ya msemaji mkubwa. Kumbe nilikipokea kutoka kwake, kama nilivyopokea paji la uso na miguu mipana. Hapo jikoni, huku wanawake wakisuuza masufuria na kunikwepa kwa heshima, niliurudia mwaka niliokuwa darasa la nne. Nimewahi kuwasimulia watoto wangu habari za mwaka huo, lakini niliwasimulia kama sifa za Mama. Nilikuwa nimesimulia nusu.

Nyumba yenyewe ilikuwa hii hii, ila ndogo zaidi: sebule, vyumba viwili, jiko la udongo nyuma na kibaraza cha mashine mbele. Tulikula sebuleni wote pamoja, jambo ambalo wazee wa kijijini hawakulipenda, lakini Baba alisema hawezi kula peke yake kwa sababu atazungumza na nani. Sinia la ugali wa ulezi lilikaa katikati ya meza, kando yake bakuli la maharage, na siku za bahati samaki wakavu waliopandishwa kutoka Muze. Katika meza hiyo mimi sikuwa na haja ya kusema chochote. Nikifungua mdomo na herufi ya kwanza ikaning'ang'ania, mdogo wangu Bernadeta alikuwa ameshanisogezea chumvi. Nikitazama mtungi, Mama anainuka kunichotea maji. Mgeni akiniuliza jina, Baba anajibu: "Huyu ni Dismas, wangu wa kwanza, kichwa chake kizuri sana ila ulimi mzito kidogo, na jina hilo tulimpa kwa sababu..." na hadithi inaanza. Hakuna aliyenicheka hata siku moja. Walinipenda, wakanibebea maneno yangu yote kama mtu anavyombebea mgonjwa mzigo, na mimi nikazoea kutembea mikono mitupu.

Shuleni hakukuwa na wa kunibebea. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mama mpole, aliacha kuniita mapema tu ili asiniaibishe, na kwa wema huo nikakaa dawati la nyuma kama gunia. Niliandika vizuri. Hesabu nilizipata. Lakini siku za kusoma kwa sauti nilirukwa, na mtoto anayerukwa kila siku huanza kudhaniwa kuwa hajui. Mwalimu Mkuu wetu alitoka Mbeya, mtu wa sweta safi na maneno ya haraka, mwenye kutaka mambo yaonekane yamefanyika. Kabla ya likizo ya Juni alimwita Baba. Nilisimama mlangoni pa ofisi nikimsikia Baba akinitetea kwa ufasaha wa ajabu, akieleza jinsi ninavyojua kusoma gazeti lote la kufungia vitumbua, jinsi ninavyomsomea vipimo vya wateja. Mwalimu Mkuu alimsikiliza hadi akachoka. Kisha akasema kwamba amefurahi kujua baba yake Dismas anaweza kuzungumza, lakini anayetaka kupanda darasa la tano ni Dismas. Mwisho wa mwaka nitasoma kwa sauti mbele yake, mwenyewe. Nisipoweza, nitarudia la nne.

Kurudia darasa si ajabu, wengi walirudia wakawa watu wazima wa maana. Ila Bernadeta alikuwa la tatu. Nikirudia, tungekaa darasa moja, na Bernadeta angeniombea ruhusa ya kwenda chooni, angejibu niitwapo, angesoma kurasa zangu. Alikuwa na moyo huo na alikuwa na mdomo wa Baba. Hata kwa akili ya mtoto nililiona jambo hilo waziwazi: ningesemewa hadi uzeeni. Niliogopa hilo kuliko fimbo.

Likizo ilipofika Mama alitupeleka kwa mama yake, kijiji kilichokuwa mbele ya Kizwite, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Ulikuwa wakati wa kuvuna ulezi. Baridi ya Juni ya kwetu watu wa pwani hawaijui. Asubuhi unapumua moshi, na nyasi zinachoma nyayo. Nyumba ya Bibi ilikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye moto katikati, tukilala kuuzunguka, nguo zetu zikinuka moshi mpaka tunarudi mjini. Tulikula viazi vya kuchoma na togwa, na mchana tulikaa na wanawake waliokuwa wakipura na kupepeta, vumbi la makapi likitujaa kwenye nyusi. Mjini tulisema Kiswahili, lakini kwa Bibi palikuwa ni Kifipa tu, na Kifipa cha kijijini huanza na salamu. Anayejua Ufipa anajua ninachosema. Mtoto hapiti mbele ya mtu mzima akatupa neno na kuondoka. Anachuchumaa, anapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, na mkubwa naye anaacha kazi, anainama, anaitikia kwa makofi yake, na maulizo yanaanza: mmeamkaje, nyumbani wameamkaje, ng'ombe, mashamba, waliobaki mjini. Salamu hiyo haina haraka na haikatwi. Kumkatiza mtu katikati ya salamu, au kumjibia, ni utovu wa adabu ambao hata mlevi hathubutu.

Siku ya pili Mama alinituma peke yangu kwa jirani kuomba ungo. Sijui kama alikusudia au alikuwa na mikono michafu tu. Nilipomuuliza akiwa mzee alicheka na kukataa kujibu. Jirani alikuwa bibi mnene aliyekuwa akipepeta uani kwake. Nilichuchumaa, nikapiga makofi, nikaanza, na neno la kwanza likakwama palepale. Nilingoja amalizie, kama watu wote wa dunia yangu walivyofanya. Hakumalizia. Aliweka ungo chini, akainama, akaendelea kupiga makofi yake polepole, macho yameangalia chini kama adabu inavyotaka, akasubiri. Hakunihurumia wala hakushangaa. Alikuwa anasalimiwa, na salamu ya mtu huisha mwenyewe anapoimaliza. Kofi, kofi, kofi, na humo katikati ya makofi neno likatoka, na lingine, nikauliza habari za nyumba yake yote hadi mbuzi. Nilipogeuka na ungo nilimwona Mama amesimama nyuma ya ua wa mabua, mkono mdomoni. Kuanzia hapo alinituma kila nyumba. Hata chumvi ikiwepo alinituma kuomba chumvi. Kwa muda wa likizo ile nilisalimia kijiji kizima, na nadhani nilisema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema tangu kuzaliwa.

Tuliporudi Mazwi, jioni ya kwanza tu, Mama alitoa sheria yake sebuleni kabla ya kunawa. Alisema kuanzia leo hakuna mtu wa kummalizia Dismas neno. Akitaka maharage, ataomba maharage. Akianza kusema, mikono yote inatoka kwenye sinia, kama kwa salamu, na haigusi chakula mpaka amalize. Bernadeta alilia. Baba alicheka, akaanza kueleza kwa nini jambo hilo haliwezekani, na Mama akamwacha aeleze. Jioni ile nilitaka samaki. Herufi ya S ilinishika, ikanishika, mvuke wa ugali ukaisha mbele ya macho yetu, na Bernadeta akanitazama kwa chuki ambayo bado ananitania nayo hadi leo. Baba alisogeza bakuli kunipa. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, taratibu. Nilikula samaki wangu siku hiyo na ugali wa baridi, sote tulikula wa baridi, na tulikula wa baridi karibu kila siku hadi mvua za kwanza.

Leo wazazi wa wanafunzi wangu wa zamani hunijia kuniuliza siri ya malezi, kana kwamba mwalimu mstaafu anazo kwenye mfuko wa koti. Nawaambia wazi kwamba sijui. Najua tu kwamba nyumbani kwangu mapenzi yalikuwa mengi tangu mwanzo na bado yalikuwa yakinididimiza, na kwamba mama yangu, ambaye hakuwa na mtu wa kumshauri wala hakusoma mahali, aliyapindua mapenzi hayohayo yakaanza kuniinua. Najivuna kwa ajili yake, na sitaki kulisema hilo kwa unyenyekevu. Wajukuu zangu huko Dar es Salaam wana simu zinazowamalizia hata maneno wanayoandika. Nikiwatembelea, huwa natoa mikono kwenye sahani wakianza kuzungumza, na wao hawajui kwa nini.

Aliyeteseka zaidi mwaka ule alikuwa Baba. Aliweza kuvumilia njaa, lakini nikikwama alikuwa anahangaika kwenye kiti, anakohoa, anaamka kwenda kuangalia mashine ambayo haikuwa na tatizo. Kibarazani, mteja akiniuliza swali, jibu lilimtoka kabla ya yeye mwenyewe kujua. Magharibi moja nilikuwa uani naosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, nikawasikia ndani wanagombana kwa sauti ya chini. Baba alisema Mama ananitesa. Alisema mtoto haponi kwa kuaibishwa mbele ya chakula. Mama akajibu kwamba hakuna anayeaibishwa, anasubiriwa tu.

"Wewe hujui inavyouma," Baba akasema.

"Najua. Nimeishi na wewe," Mama akajibu. "Wewe ulichapwa. Huyu nani amemchapa?"

Niliyasikia maneno hayo vizuri, na kwa miaka yote nilidhani Baba alichapwa kwa utundu, kama watoto wote wa zamani. Ilibidi Shangazi aje kutoka Muze, aweke chini sahani ya wali, ndipo niyaelewe. Baba hakuwa ananisemea kwa kupenda kusema tu. Kila nilipokwama, fimbo ya babu yangu ilikuwa inanyanyuka mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anakimbia kuizuia kwa njia pekee aliyoijua.

Basi mvua zikaja, watu wakarudi mashambani, na mwisho wa mwaka ukafika. Asubuhi ya kusomeshwa, Mama alinipaka mafuta usoni hadi nikang'aa, akanipa uji wa ulezi, akasema yeye hatakuja. Alisema atakwenda Baba. Nilishtuka, maana ndiye niliyemwogopa. Nilijua atanisomea ukurasa mzima mbele ya Mwalimu Mkuu, kwa mapenzi, na habari yangu itaishia hapo. Baba alivaa koti aliloshona mwenyewe, lenye mifuko mingi kuliko lazima, na njia nzima alizungumza: habari za mvua, za bei ya vitambaa, za mtu aliyekuwa na baiskeli bila breki. Ofisini tuliwakuta Mwalimu Mkuu na mwalimu wangu wa darasa. Palinuka chaki na chai ya tangawizi. Baba alipewa kiti, akaketi, mimi nikasimama mbele ya meza nikapewa kitabu kilichofunguliwa. Ilikuwa habari ya watoto waliokwenda mtoni. Neno la kwanza lilikuwa "Dada".

Likakwama. Nililisukuma, likarudi. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia kijiko cha Mwalimu Mkuu kikigota kikombe, kisha nikamwona akiinua macho kumtazama Baba, kama mtu anayengoja kitu alichokizoea. Mwalimu wangu naye akamtazama. Nami nikamtazama. Baba alikuwa amelisoma neno kutoka alipokaa. Midomo yake ilikuwa imeshaachana, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso siku ile ya mvua. Kama angelisema, nisingemlaumu hata leo. Badala yake alifanya jambo ambalo sijaona mwanamume mwingine akilifanya katika ofisi ya serikali. Alishuka kwenye kiti. Akachuchumaa sakafuni na koti lake jipya, mbele yangu, mtoto wake, akainamisha macho, akaviweka viganja vyake pamoja, akaanza kuvipiga taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesalimiwa na mkubwa wake.

Mwalimu Mkuu aliweka kikombe chini. Kwao Mbeya nako wanazo salamu zao, na mtu aliyelelewa hahitaji kuelezwa maana ya mwanamume aliyechuchumaa. Hakusogea tena. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua chai iliota utando. Neno likatoka. Nilisoma "Dada", nikasoma kuhusu mto, nikakwama kwenye "daraja", wakasubiri, nikapita, nikakwama tena na tena, na kila nilipokwama makofi yaliendelea bila kubadilika, hayakuharakisha wala hayakulegea, mpaka nikafika chini ya ukurasa. Mwalimu wangu wa darasa alikuwa akifuta macho kwa pindo la kitenge. Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono akamwinua Baba, akasema nitakwenda la tano. Kisha akaongeza kwamba mwakani nitasoma mbele ya darasa kila wiki, na darasa litajifunza kusubiri. Alilitimiza.

Nilitegemea Baba ataanza kuzungumza mara tukitoka nje. Hakuzungumza. Tulipita uwanja wa shule, tukashika njia ya nyumbani, miguu yetu ikinata kwenye tope jekundu, na Baba akatembea kimya kama mtu aliyetoka kubeba mzigo mzito na bado hajapata pumzi. Karibu na nyumbani tulikutana na katekista wa zamani wa parokia, mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye fungu la kuni. Baba alimpa shikamoo, nami nikachuchumaa nikampigia makofi. Mzee aliitikia, akaegemeza baiskeli yake kwenye ua, akamuuliza Baba kama huyu ndiye kijana wake wa kwanza, na anaitwa nani.

Niliona kifua cha Baba kikijaa pumzi. Jina langu, hadithi ya jina langu, sifa zangu na ulimi wangu mzito, vyote vilikuwa tayari. Akaishusha pumzi ile polepole.

"Muulize mwenyewe, Mzee Katekista," akasema. "Yupo hapa."

Mzee akanigeukia. D ndiyo herufi iliyonishinda kuliko zote tangu utotoni, na walinipa jina linaloanza nayo. Nilianza, ikanishika, nikaisukuma. Katekista akasubiri. Baba alitazama mawingu upande wa Muze, midomo ameibana. Nikasema naitwa Dismas, kwa shida, lakini nikalisema lote.

"Jina la heshima," mzee akasema. "Nani alikupa?"

"Baba," nikajibu, na neno hilo lilitoka mara moja.